Moja Kumi na Tisa

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwa woga, ila kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali iko kwenye ukarabati tangu ilipojengwa. Itoshe kusema ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi mno, hata imewekewa walinzi wenye bunduki kila kona ili isitoroke.

Nchi hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Baba Mmoja, na ilikuwa na namba. Nchi nyingine zina bendera, zina wimbo, zina mnyama wa kuchora kwenye ngao. Hawa walikuwa na hivyo vyote, lakini Baba Mmoja aliona havitoshi, akawapa Namba ya Umoja. Kila mwaka wa utawala wake iliongezwa moja upande wa kulia. Mwaka wa kwanza namba ilikuwa 1. Mwaka wa pili 11. Mwaka wa tatu 111. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na tisa, na namba ilikuwa imefika hapa:

1111111111111111111

Kihesabu ni zaidi ya bilioni bilioni moja. Mtu angeanza kuihesabu siku dunia ilipoumbwa, akataja namba moja kila sekunde bila kula wala kulala, leo asingekuwa amefika hata robo. Lakini wananchi hawakuisoma kihesabu. Waliisoma kwa mdomo, kila Jumatatu asubuhi, wamesimama wima: moja, moja, moja, mara kumi na tisa. Mzee mmoja wa kwaya alishikwa na kwikwi katikati, ikamtoka moja ya ziada. Alishtakiwa kwa kutaka kuharakisha mwisho wa utawala.

Maana mwisho ulikuwepo. Hilo hakuna aliyelisema na hakuna aliyelisahau. Katiba ilikuwa na kifungu kifupi: "Mtu mmoja atatawala miaka ishirini, basi." Baba Mmoja alikiandika mwenyewe ujanani, wakati akidhani miaka ishirini haiishi. Sasa ilikuwa inaisha, na kukifuta haikuwezekana, kwa sababu kifungu kingine, nacho cha mkono wake, kilisema Baba hakosei, na asiyekosea hana cha kusahihisha. Basi watu walipoimba zile moja kumi na tisa kwa machozi ya furaha, Serikali iliandika kwamba wananchi wanaipenda Namba. Ni kweli waliipenda. Ilikuwa imebaki moja tu.

*

Sikudhani Mkwavila alikuwa na digrii mbili za hisabati, na kazi aliyopewa ni kuhesabu mpaka kumi na tisa. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi Mkuu wa Moja. Alizunguka mjini akihakiki kuta, mabango na kofia za maofisa, kama moja zimetimia. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, ila saa za kazi aliufungia mdomoni na kuutoa jioni nyumbani, mbele ya mumewe.

Mumewe, Hemedi, alifundisha hisabati kidato cha kwanza. Alikuwa na ugonjwa wa walimu wazuri: akiulizwa swali hawezi kuliacha linaning'inia. Siku hiyo somo lilikuwa namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Binti wa kamanda wa wilaya akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na Namba ya Umoja je?"

Darasa zima likaangalia madaftari. Hemedi akatazama ukutani, Namba imebandikwa pale juu ya ubao, akasahau yuko nchi gani.

"Ni tasa," akasema. "Mwaka jana haikuwa. Zilipokuwa moja kumi na nane iligawanyika kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa nyingi tu. Lakini hii ya mwaka huu wataalamu wa dunia walishaihakikisha zamani kwa mashine. Jaribuni namba yoyote mpaka bilioni moja na ushei, hampati. Tasa kabisa."

Kabla ya kengele ya saa nne, magari mawili ya polisi yalikuwa yameegeshwa juu ya bustani ya mchicha ya shule.

Hapa msomaji mgeni anahitaji kuelezwa jambo. Baba Mmoja alikuwa na wake wanne na hakuwa na mtoto. Kwa heshima ya hali hiyo, neno tasa lilikuwa limeondolewa nchini. Ng'ombe asiyezaa aliitwa ng'ombe mwenye subira. Kamusi ya taifa ilitoka kwenye tarumbeta ikaruka moja kwa moja hadi tasbihi. Kwenye vitabu vya hisabati tu ndiko neno lilikosahaulika, kwa kuwa kamati ya kufuta maneno iliviogopa vitabu hivyo tangu utotoni. Kusema kweli, hata mwaka wa pili wa utawala, 11 ilikuwa tasa vilevile, lakini wakati huo Baba bado alikuwa na matumaini na mke wa kwanza, na hakuna aliyekasirika.

*

Sikudhani aliitwa kwa Waziri wa Umoja, Daktari Maneno Chambuso. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe kwa kukata utepe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusema polepole kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Karibu, Mama, keti. Pole na matatizo ya nyumbani."

"Nimeshapoa, Mheshimiwa."

"Ujue Serikali haina ugomvi na mumeo. Serikali inampenda. Ndiyo maana imemweka mahali inapoweza kumwona." Akamsogezea karatasi yenye nembo. "Wewe ndiye mtaalamu wetu. Andika mstari mmoja tu: Namba ya Umoja si tasa. Piga muhuri. Mumeo atakuwa amekosea hesabu, na kukosea hesabu ni viboko sita na onyo. Jioni mnakula wote."

Sikudhani akaitazama karatasi. Viboko sita. Alikuwa tayari kuandika hata kwamba Namba ni mbuzi. Lakini alilijua swali litakalofuata, na alijua nani atalijibu kwa shingo yake.

"Naweza kuandika, Mheshimiwa. Ila kama si tasa, basi inagawanyika."

Kalamu ya katibu muhtasi aliyekaa pembeni ikasimama.

"Inafanya nini?"

"Inagawanyika. Namba yoyote inayozidi moja ina mawili tu. Ama ni tasa, ama inagawanyika. Hakuna ya tatu."

Alisema "inayozidi moja" kwa mazoea ya kazi, na papo hapo akatamani kulimeza neno. Kwa bahati Waziri hakulisikia. Alikuwa ameshika kifua akitazama ukutani, kwenye Ibara ya Kwanza ya Katiba iliyotiwa fremu: Nchi hii ni moja na haigawanyiki. Kusema tasa kulikuwa matusi, kifungo miaka kumi na miwili. Kusema inagawanyika kulikuwa uhaini, na uhaini una kamba yake.

"Mama," Waziri akasema, "nani aliyetunga sheria hiyo ya mawili tu?"

"Haikutungwa, Mheshimiwa. Iko hivyo."

"Basi itakuwa ilipita bila sisi kujua," akasema Waziri, na akaunda tume.

*

Iliitwa Tume ya Taifa ya Kuichunguza Namba Bila Kuidhalilisha. Watumishi elfu tatu walikusanywa uwanja wa taifa, kila mmoja na kalamu mbili na kibali cha kugawa kwa siku moja, kinachorudishwa saa kumi na mbili jioni. Kazi yao ilikuwa kuigawa Namba kwa kila kinachowezekana na kuomba Mungu isigawanyike. Sikudhani alikaa meza ya mbele kukagua majibu, Waziri pembeni yake na kipaza sauti, redio ikirusha moja kwa moja.

Majibu ya kwanza yalikuja mazuri kuliko ilivyotarajiwa. Waziri alisimama.

"Ndugu wananchi! Wataalamu wetu wazalendo wameigawa Namba kwa mbili. Akabaki nani? Akabaki Mmoja. Wakasema labda mbili ni ndogo, wakaigawa kwa tatu. Akabaki Mmoja. Kwa tano, Mmoja. Kwa saba, Mmoja. Kwa kumi na moja, Mmoja. Kwa kumi na tatu, ndugu zangu, kumi na tatu ambayo wazungu wenyewe wanaiogopa, Mmoja. Maadui wetu wagawe watakavyo, wagawe asubuhi, wagawe mchana, wote watakwenda na Mmoja atabaki."

Uwanja ukapiga makofi kwa muda uliopangwa. Sikudhani mwenyewe, pamoja na hasira zote alizokuwa nazo, aliona mahesabu yale yamekaa vizuri mno, si ya kubahatisha, akamchukia Waziri zaidi kwa kuyafanya yawe ya kwake. Kisha akaletewa karatasi ya kumi na saba. Akaikagua mara mbili. Ilikuwa sahihi, na mkono wake ukapiga muhuri wa sahihi kama ulivyozoea, Waziri akaichukua na kuisoma hewani bila kuipitia.

"Na kwa kumi na saba, ndugu zangu, wakabaki..." Akasogeza miwani. "Wakabaki tisa."

Redio ikapiga muziki wa tarumbeta.

Mkuu wa Usalama alifika kabla muziki haujaisha. Alikuwa mtu mwembamba asiyependa kupoteza muda.

"Hao tisa ni akina nani?"

"Si watu, Afande," Sikudhani akasema. "Ni baki tu."

"Tunajua wamebaki. Tunauliza wamebaki wapi."

"Ni hesabu. Ukigawa kwa kumi na tisa anarudi kubaki mmoja, njoo nikuonyeshe."

"Kwa hiyo wanajificha kwenye kumi na saba peke yake," akasema Mkuu wa Usalama, akaandika.

Saa kumi walipatikana. Walikuwa nyuma ya posta: wanane wakicheza karata, wa tisa akisubiri zamu. Redio ilitangaza kwamba njama imezimwa. Sikudhani alirudi nyumbani akitazama kidole chake cha gumba, chenye wino wa muhuri. Angeweza kuandika moja pale kwenye karatasi ya kumi na saba na hakuna mtu katika elfu tatu wale angeguna. Hakulifikiria hata kidogo. Ndivyo alivyofundishwa, na sasa watu tisa walikuwa ndani kwa sababu ya kufundishwa kwake.

*

Tume ilivunjwa kwa shukrani. Ikabaki kesi, na kesi ilikuwa haiandikiki. Mwanasheria Mkuu alianza, "Mshtakiwa alisema uongo kwamba Namba ni tasa," akaona kwamba ameandika inagawanyika kwa maneno mengine, akaichoma karatasi na kunawa mikono. Akaanza tena, "Mshtakiwa alisema kweli," akaichoma na hiyo haraka zaidi. Mwishowe akatoa ushauri wa kisheria, nao ndio Waziri alimsomea Sikudhani siku ya Jumatano kwa sauti yake ya uji.

"Kesi isiyo na jibu hufutwa kwa kufuta swali. Ijumaa saa nne asubuhi, Mama, mumeo atanyongwa. Lakini usijisikie vibaya, hatatiwa hatiani. Atanyongwa akiwa hana kosa lolote, jina lake safi kabisa. Tumelipigania sana hilo."

Sikudhani akainuka kitini.

"Au basi," Waziri akaendelea, "nyinyi wataalamu mtutafutie namba isiyo tasa na isiyogawanyika, tuifanye hiyo ndiyo Namba. Hapo mumeo atakuwa alisema maneno yake kuhusu namba nyingine tu, isiyotuhusu. Una mpaka kesho."

Wakamruhusu kumwona Hemedi robo saa. Walikaa kila mmoja upande wake wa wavu. Mkono wa kulia wa Hemedi, wa chaki, ulikuwa umevimba mpaka vidole havikunjiki.

"Mkono umefanya nini, Mwalimu?"

"Umeanguka."

"Mkono peke yake?"

"Peke yake. Mimi nilibaki nimesimama."

Sikudhani aliingiza vidole kwenye wavu, akamgusa kwa ncha. Walikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Lile neno lililoondolewa nchini halikuwa limeondolewa midomoni mwa mawifi zake. Mwaka wa tatu wa ndoa dada mkubwa wa Hemedi alilitamka barazani kwao, wazi, mbele ya majirani. Hemedi alikuwa anasahihisha madaftari. Alinyanyuka, akasema kwa utulivu kwamba tasa si tusi, tasa ni namba iliyokataa kugawanywa, na namba nyingine zote unazozijua zimejengwa kwa kuzidisha hizo. Kisha akamsindikiza dada yake mpaka kituo cha basi na hakumwita tena. Tangu siku ile Sikudhani alimpenda kwa namna ambayo haikuhitaji mazungumzo. Na ndiyo maana hakuweza kukaa pale kwenye wavu akamsikiliza akiongea habari za Ijumaa kama ratiba ya vipindi.

"Siku," Hemedi akasema, sauti chini. "Usiwaambie ile."

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto. Unaijua."

Alikuwa anaijua. Kila anayejua namba tasa anaijua, maana ndiyo inayosahaulika na wanafunzi kila mtihani. Iko namba moja tu, katika namba nzima zote tunazohesabia, ambayo si tasa na wala haigawanyiki. Ni moja yenyewe. Na Namba ya Umoja ilikuwa moja mara moja tu, mwaka wa kwanza wa utawala. Ukiwapa moja, umewapa mwaka wa kwanza.

"Imebaki moja tu, Siku. Watu wamevumilia kumi na tisa. Mwakani anaondoka, na karatasi aliyoandika mwenyewe ndiyo inayomtoa. Wakiisikia hiyo wataanza upya kuhesabu. Ishirini nyingine."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu mmoja."

"Usinipigie hesabu hapa, Hemedi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina. "Usinipigie hesabu kabisa."

"Niahidi."

Askari akagonga wavu kwa rungu, robo saa imeisha. Sikudhani akaondoka bila kuahidi, na Hemedi aliliona hilo.

*

Alitembea kwa miguu kutoka gerezani. Ilikuwa saa za watu kutoka kazini, na mtaa mzima ulimfahamu. Mama Tunu wa duka la unga, ambaye Hemedi alimfundisha binti yake bure mpaka akafaulu, aliinama kutafuta kitu chini ya kaunta na hakukipata mpaka Sikudhani alipopita. Fundi cherehani aligeuza kiti. Hao ndio waliokuwa wakiisubiri moja ya ishirini. Watu milioni thelathini walikuwa wakisubiri, wakiimba kila Jumatatu, na tangu Hemedi akamatwe hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kumwambia pole. Kusubiri hakuhitaji pole. Kunahitaji kukaa kimya tu na kuacha wengine wafe kwa zamu, na hilo walikuwa wamelifanya kwa miaka kumi na tisa kwa ustadi mkubwa.

Aliwachukia, na hakujificha nafsini mwake kwamba anawachukia. Alihesabu pia: ishirini nyingine, watoto wao, binti wa Mama Tunu, wale tisa wa karata na wenzao watakaofuata. Alihesabu vizuri, maana hesabu ndiyo kazi yake. Upande mmoja wa mizani zilikuwa milioni thelathini na upande mwingine mkono uliovimba. Asubuhi ya Alhamisi akavaa kofia yake ya kazi, akaenda wizarani.

"Ipo moja," akasema.

Daktari Chambuso akainua kichwa. "Alhamdulillahi. Ipi?"

"Moja."

"Nimesikia kuwa ipo moja. Nauliza ni ipi."

"Moja, Mheshimiwa."

"Mama, unanichosha. Namba moja tu ipo, sawa. Inaitwaje?"

"Inaitwa moja." Akachukua kalamu mezani akaichora kwenye ile karatasi yenye nembo, mstari mmoja wima. "Hii. Si tasa, kwa sababu tasa lazima iwe na vigawanyo viwili, moja na yenyewe, na hii ina kimoja tu. Wala haigawanyiki, kwa sababu hakuna namba nyingine ya kuigawa. Iko peke yake."

Waziri akaitazama. Kwanza alifurahi kwa unyofu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri. Kisha Sikudhani akaona macho yake yakianza kuhesabu kurudi nyuma, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba, na alipofika mwisho akavua miwani.

"Mwaka wa kwanza," akanong'ona, mkono ukienda kwenye karatasi.

Sikudhani akaiwekea kiganja juu.

"Kwanza karatasi ya kumwachia mume wangu. Na ya wale tisa. Kwa saini yako na muhuri, na mimi nasoma kila mstari."

"Mama, hata ungeniomba nyumba yangu." Alikuwa analia. Aliziandika hati kumi mwenyewe, akazisaini, akachukua karatasi yenye moja na kutoka mbio na soksi, viatu amevisahau chini ya meza.

*

Tangazo lilisomwa Ijumaa saa mbili asubuhi. Lilisema kwamba wataalamu wamegundua Namba ya kweli ya Umoja, nayo ni 1, na kwa kuwa Namba ndiyo kipimo cha miaka, leo ni Mwaka wa Kwanza wa utawala wa Baba Mmoja. Miaka mingine iliyodhaniwa kupita ilikuwa kosa la uchapaji. Baba, ambaye hakosei, aliwasamehe wachapaji.

Utekelezaji ulianza kabla ya chai. Mabango yalipakwa rangi, tarakimu kumi na nane zikafutwa kila ukuta. Waliozaliwa chini ya Baba waliambiwa wasubiri kuzaliwa rasmi. Barabara zilizobomoka ziliandikwa kuwa hazijajengwa bado, na watu wakaombwa kuzisubiri kwa hamu. Waliokuwa wamefungwa walikuwa hawajawahi kufungwa. Waliofia gerezani nao, kwa kuwa hawakuwahi kuingia, waliorodheshwa kama watoro, na ndugu zao wakatakiwa kuwasalimisha.

Saa nne watu walikusanywa kuimba Namba mpya. Walisema "moja," ikaisha. Walibaki wamesimama, midomo wazi, wakisubiri kuendelea, na hakukuwa na cha kuendelea nacho. Mama Tunu alikaa chini kwenye vumbi na mkoba wake mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nchi hiyo ipate amani, askari hawakumwamuru mtu asimame, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakihesabu kwa vidole.

Sikudhani hakuwa hapo. Alikuwa kwenye lango la gereza na hati yake. Wale tisa walitoka kwanza, wameshikana mikono, wakaondoka bila kuuliza chochote. Kisha askari wa lango akafungua daftari jipya.

"Anayempokea mfungwa... anayempokea mgeni Hemedi. Wewe nani kwake?"

"Mke wake."

"Mmeoana lini?"

"Mwaka wa nane."

Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alikuna kichwa kwa kalamu. "Huo haujafika, Mama. Niandike jirani?"

"Andika."

Hemedi akatolewa. Alisimama kwenye jua akipepesa macho, mkono ule amefungiwa tambara. Aliangalia ukuta wa gereza, pale fundi wa rangi alipokuwa juu ya ngazi akifuta moja ya mwisho kutoka kulia, ikabaki moja upande wa kushoto, peke yake kwenye ukuta mrefu mweupe. Hakuuliza nani aliwaambia. Walianza kutembea, Sikudhani akishika mkono mzima, hatua kama ishirini hivi.

"Akiondoka, nitakuwa na miaka sitini na mitatu," Hemedi akasema.

"Utakuwa hai."

Hemedi akauvuta mkono wake taratibu, bila ukali, akavuka barabara, akatembea upande wa pili mpaka nyumbani.